Altezza imefungwa koilova, sasa kila tuta ni kilio. Nimeuziwa takataka au nimefungiwa vibaya?

Altezza_wa_Goba
Jumatatu, saa 3 usiku

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mtanisamehe.

Nina Altezza RS200, ile SXE10 yenye injini ya 3S ya BEAMS na gia sita za mkono. Huu mwaka wa tatu niko nayo. Shokapu za mbele zilianza kuvuja mafuta tangu mwaka jana, za nyuma zikafa kimyakimya: ukikandamiza buti, gari inadunda mara tatu ndipo itulie. Nikawa na njia mbili. Ninunue shokapu mpya za kawaida nilale usingizi, au nijilipue niweke koilova (shokapu iliyovishwa springi yake, kimo chake unakirekebisha) kama wenye akili zao. (Mke wangu anasema wenye akili zao hawana Altezza.)

Nikapata koilova za mtumba kutoka Japani, seti nzima ya nne, laki tisa. Springi zimeandikwa 10 za mbele na 8 za nyuma. Nikazipeleka gereji moja hapa mjini, kazi ikaisha kwa saa tatu. Gari ikakaa chini, ukipitisha mkono kati ya tairi na fenda vinaingia vidole viwili tu. Nikapiga picha, nikaweka status, watu wakanisifia. Raha ilidumu mpaka tuta la kwanza.

Matatizo ni haya. Kila tuta gari inagonga kwa ndani, si bampa wala egzosi, ni mgongo wangu ndio unaopokea. Kuna mlio wa "ko" mbele kushoto nikikata kona kwa mwendo mdogo, hasa nikiwa natoka parking. Nyuma nako nikipita kona yenye mawimbi gari inaruka pembeni kama inataka kunipita. Na tairi za mbele zimelika upande wa ndani kwa wiki sita tu. Tairi mpya!

Nikamrudia fundi. Akanambia, "Koilova ndivyo zilivyo bosi, utazoea." Nikamwomba basi aiinue kidogo kwa ajili ya mvua. Akazikaza zile pete za springi za mbele, gari ikapanda kama inchi mbili. Sasa imesimama kama mbuzi juu ya kichuguu, na bado inaumiza. Safari hii inagonga hata nikipita shimo, yaani tairi likishuka nasikia "tok".

Swali langu kabla sijaziuza: nimeuziwa takataka au nimefungiwa vibaya?


Chalii_wa_Njiro

Mkuu utazoea. Mimi nina Mark II GX110, nimekata springi raundi mbili na maisha yanaendelea. Gari ya chini ina bei yake. Ukitaka raha nunua Noah.


Nipo_Kimya

Nimevuta kiti. Nina Lexus IS200 iliyokuja kutoka Uingereza, ni ndugu yake hiyo Altezza, na nilikuwa natafuta koilova wiki hii hii.


Mzee_Spana

Altezza_wa_Goba kijana wangu, usiuze kitu. Nimekaa chini ya magari miaka mingi kabla mgongo haujanistaafisha, na dalili zako nne hazifanani na ugonjwa mmoja. Nijibu kwanza.

Kwanza, ukitazama koilova ya mbele, kule chini kabisa inapoungana na arm (mkono wa chuma unaobeba tairi) kuna kikombe chenye nyuzi zake na pete yake ya kufungia, au mwili wote ni kipande kimoja? Pili, kama kikombe kipo, ile pete ya chini imeguswa au ina vumbi la zamani? Tatu, gari ilipokuwa chini, uliwahi kuiinua kwa jeki ukashika springi kwa mkono? Nne, fundi alipokaza bolti za shokapu na arm, gari ilikuwa inaning'inia au tairi zilikuwa zimekanyaga chini?


Altezza_wa_Goba

Shikamoo Mzee. Nimetoka kuangalia na tochi ya simu, majirani wamedhani natafuta nyoka.

Kikombe kipo, kina pete yake. Haijaguswa kabisa, nyuzi zimejaa tope kavu jeupe ambalo si la kwetu, nadhani limetoka nalo Japani. Hilo la springi umenikumbusha: siku niliyopata pancha Mbezi, gari ikiwa juu ya jeki, springi ya mbele ilikuwa inazungushika kwa mkono kama bangili. Nikadhani ndivyo inavyotakiwa. La nne, nilikuwepo. Gari ilikuwa juu ya lifti mwanzo mpaka mwisho. Ilishushwa ikiwa imekamilika, nikalipa.


Mzee_Spana

Marahaba. Basi umeshajijibu nusu.

Sikilizeni na wengine, maana naona watu wengi wanadhani koilova ni springi fupi tu. Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza, pete iliyobeba springi ndiyo hiyo hiyo inayopandisha na kushusha gari. Aina ya pili, kama za huyu kijana, ina sehemu mbili zinazorekebishwa kila moja kwa kazi yake. Pete ya juu kazi yake ni kuishika springi isilegee, basi. Kimo cha gari kinawekwa na kile kikombe cha chini: ukikizungusha kiingie, shokapu nzima inakuwa fupi, ukikitoa, inakuwa ndefu. Huku shokapu yenyewe inabaki na mwendo wake wote, haijali gari iko juu au chini.

Fundi wako hakukigusa kikombe. Alishusha gari kwa kulegeza pete ya springi mpaka springi ikabaki na uwazi. Maana yake gari ililala juu ya shokapu, ikala mwendo wake, ikabakiza kidogo kufika kwenye kile kipande cha mpira cha ndani kinachozuia chuma kisigonge chuma. Kila tuta ulikuwa unagonga ule mpira. Halafu ulipomwomba aiinue akafanya kinyume chake: akaikamua springi kwa pete ile ile. Sasa shokapu imekaa karibu na mwisho wake wa juu. Tairi likiingia shimoni halina pa kushukia, shafti (chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu) inafika mwisho, ndiyo hiyo "tok" yako.

Tatizo halijaondoka, limehamia upande wa pili tu.

Hili la kukaza bolti gari ikiwa hewani nitalirudia kesho, naitwa kula.


Injinia_wa_Kitaa

Mzee kamaliza, mimi naongeza hesabu maana najua kuna mtu atasema ni maneno.

Altezza ina wishiboni mbili, yaani arm ya juu na ya chini, kila kona, mbele na nyuma. Shokapu haikai pale tairi lilipo, inakaa ndani zaidi kwenye arm. Tairi likipanda milimita 10, shokapu inasogea pungufu. Tuchukue 7 kwa 10 kwa ajili ya mfano, wewe pima ya kwako. Hapo yanatokea mambo mawili ambayo mafundi wengi hawayasemi.

La kwanza: springi iliyoandikwa 10, yaani kilo 10 kuibonyeza milimita moja, ikifika kwenye tairi si 10 tena. Unazidisha 0.7 mara mbili, unapata 4.9. Kwa hiyo msitishwe na namba mkilinganisha na Subaru, ambayo shokapu yake ya mbele inasimama karibu kabisa na tairi. Springi ya 5 kule inafanya kazi ya springi ya 10 huku.

La pili: ukizungusha pete milimita 10, gari haishuki 10, inashuka kama 14. Ndiyo maana watu wanashusha "kidogo tu" halafu sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) inachora lami.

Sasa chukua kilo 330 hivi za mwili wa gari juu ya tairi moja la mbele. Kwenye springi zinakuwa kama 470, yaani springi ya 10 itabonyea milimita 47 gari ikisimama tu. Tuseme shafti yako ina mwendo wa 100, na ule mpira wa ndani una urefu wa 30. Fundi alipoacha uwazi wa 10, ulikuwa umetumia 57 kabla hujawasha gari. Zimebaki 43, toa 30 za mpira, una 13. Milimita kumi na tatu kwa matuta ya Goba! Alipokuja kuikamua 25, sasa unatumia 22 tu. Kwenda juu una nafasi tele, ila kushuka tairi lina 22 pekee. Ukikaza pete milimita 5 hivi, inayotosha kuishika springi, unatumia 42, mbele yako zinabaki 28 huru kabla ya mpira. Kwenye tairi hizo ni kama 40. Hapo gari inapumua.

Na kingine, kukamua springi hakuifanyi iwe ngumu. Springi ya 10 ni 10 tu ukiikaza au ukiilegeza. Unachobadilisha ni mahali ambapo shokapu inasimama.


Chalii_wa_Njiro

Sasa nyie mnaongea hesabu, mwenzenu anataka gari iwe chini. Kwani hizo milimita zitaonekana kwenye picha?


BintiMashine

@Chalii_wa_Njiro zinaonekana kwenye bili ya tairi. Na hebu tuambie, hiyo GX110 uliyokata springi, ukipita kwenye rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) unaongeaje na simu?


Chalii_wa_Njiro

Siongei. Nasubiri zipite.


Nipo_Kimya

😂😂 nimecheka kwa sauti ofisini


Mzee_Spana

Nimerudi. Bushi.

Bushi za mpira za arm si bearing. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha nje na cha ndani. Ukikaza bolti, chuma cha ndani kinakamatwa hapo ulipokikuta. Arm ikipanda au ikishuka mpira unajinyonga, halafu unarudi. Kwa hiyo pale ulipokaza ndipo mpira unapopaona ni nyumbani.

Gari ikiwa lifti arm imening'inia chini kabisa. Ukikaza pale, ukaishusha, mpira umeshajinyonga tangu siku ya kwanza na utabaki hivyo usiku na mchana. Unaongeza ugumu ambao hukuununua, na bushi zinachanika kabla ya wakati. Namna ya kufanya: funga bolti zote kwa mkono, zishike tu. Shusha gari ikanyage, au inua arm kwa jeki mpaka uzito ukae kwenye springi, uitikise kidogo, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Na linki za stablaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) hivyo hivyo.

Hii haihitaji mashine wala chuo. Ni uvivu tu, maana kukaza gari ikiwa chini kunataka kulala kwenye sakafu.

Ule mlio wa "ko" mimi siulaumu kwa koilova bado. Hizi Altezza na IS200 bolijointi za chini za mbele (viungo vinavyoshika tairi kwenye arm) zina sifa mbaya. Inua gari, mtu mmoja ashike tairi juu na chini alitikise, mwingine aangalie kwa tochi. Hiyo ikiachia, tairi linalala ubavuni na wewe uko barabarani. Hilo lifanye kesho, mengine yote yanaweza kungoja Jumamosi.

Halafu kuna jambo linanichekesha siku zote. Altezza kwa Kiitaliano ni kimo. Na nyinyi kazi yenu kuishusha.


Boxer254

Sasa wadau, salamu kutoka Nairobi. Mimi niko na Impreza GDB, nilifunga koilova mwaka jana. Yetu ni strati (shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayoshika tairi), si wishiboni, na kuna shida moja Mzee hajaitaja kwa sababu Altezza haina sana. Ukishusha gari ya strati kupita kiasi, arm ya chini inaelekea juu badala ya kulala sawa. Gari inaanza kulala kwa kona kuliko hata ilivyokuwa na shoki za kiwanda, unaongeza springi ngumu, na bado unashangaa. Mimi nilishusha kama milimita 50, nikajuta. Nikairudisha hadi 25 na ndiyo ikaanza kushika kona vizuri ukitoka Limuru ukienda chini.

Pia kama una Forester ya SG, angalia nyuma kabla ya kununua chochote. Zingine zilikuja na shoki zinazojiinua zenyewe ukibeba mzigo, na springi zake ni laini. Ukitoa shoki peke yake ukaacha springi, gari itakaa matako chini.


Altezza_wa_Goba

Mzee nimefanya leo asubuhi kabla ya kazi. Kushoto chini inacheza. Ukilitikisa tairi unaona kwa macho, kama jino la mtoto la kung'oka. Gari nimeiacha nyumbani, nimepanda daladala.

Kumbe ule mlio ulikuwepo hata kabla ya koilova, ila shokapu mbovu zilikuwa zinaufunika.


BintiMashine

Pole, na hongera kwa kuiacha nyumbani.

Mimi niongelee tairi, maana hapo ndipo nilipolia zaidi na Verossa yangu. Watu wakiona tairi limelika ndani wanasema "kamba", yaani tairi limelala. Kweli gari ikishuka, tairi za wishiboni zinalala kidogo juu kuelekea ndani. Ila kulala peke yake hakumalizi tairi mpya kwa wiki sita. Kinachomaliza ni kule tairi mbili za mbele zinapotazama nje, kila moja upande wake, unazikokota lami kama mtu anayevaa kandambili zilizopishana. Ukibadilisha kimo chochote, hata milimita 10, huo mwelekeo unabadilika. Uliipeleka alainimenti, wakapime mwelekeo wa tairi, baada ya kufunga? Na baada ya kuinua?


Altezza_wa_Goba

Fundi alisema "usukani umenyooka, haina haja".


BintiMashine

Usukani unaweza kunyooka huku tairi zinagombana.

Bolti za arm za chini za Altezza zina kamu (kisahani ambacho ukikizungusha kinasogeza arm), zinarekebishika mbele na nyuma, ila gari ya umri huu mara nyingi zimeshikwa na kutu ndani ya bushi. Zilainishe siku mbili kabla kwa mafuta ya kupenyeza, ukifika pale na bolti hazizunguki utalipia kipimo tu na karatasi. Waambie unataka mbele tairi lilale kama digrii moja hadi moja na nusu, na mwelekeo karibu na sifuri. Kaa ndani ya gari wakati wanapima, au wekeni mtu wa uzito wako. Wanakuangalia vibaya, wewe kaa tu.

Na kwenye mtumba, kwa Nipo_Kimya anayetafuta: usiangalie rangi, koilova zote zinapakwa rangi kule mtaa wa Gerezani, Dar. Vua kile kizuia vumbi cha plastiki uangalie shafti. Ikiwa na vidoa vya kutu ambavyo kucha inakwama, sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) itakatwa, iache. Kisha bonyeza shafti kwa uzito wako ikiwa imesimama chini, iachie. Ya gesi nzima inarudi yenyewe taratibu bila kusita. Linganisha kushoto na kulia. Geuza kitufe cha ugumu upande mmoja mpaka mwisho, bonyeza, rudisha, bonyeza tena. Usiposikia tofauti, kitufe ni pambo. Na soma lebo ya namba ya chesisi. SXE10 na GXE10 ndizo zako, ila usibebe ya Gita (ile Altezza ya steshenwagoni) ya 4WD, GXE15W, ukidhani Altezza ni Altezza tu.


Mtumwa_wa_Bahari

Asalaam aleikum. Mie niko Unguja, gari yalala mita mia mbili kutoka baharini, kwa hivyo naongea la chumvi tu. Nyuzi za koilova kwetu zaganda mwaka mmoja kama hukuzishughulikia. Mie kila miezi mitatu naziosha kwa maji yasiyo na chumvi na brashi ya meno, nazikausha, napaka grisi ya shaba kidogo, naviringisha juu yake mpira wa ndani wa baiskeli nilioukata, nafunga kwa zipu. Watu hucheka. Ila pete zangu zazunguka kwa mkono, na wale waliocheka huja kuazima nyundo.

Usipake grisi ya kawaida ukaiacha wazi, yashika mchanga.


Altezza_wa_Goba
Jumapili, saa 2 usiku

MREJESHO

Wakuu, nimerudi. Bolijointi nilinunua mbili, kushoto na kulia, siku ile ile. Jana asubuhi nikamwita kijana mmoja fundi wa mtaani hapa Goba, nikamwambia leo tunafanya kwa karatasi. Nilikuwa nimeandika maneno ya Mzee kwenye daftari la mwanangu.

Kwanza nikapima kimo. Si kutoka chini, maana upepo wa tairi unadanganya. Kutoka katikati ya haba (kitovu cha tairi) mpaka ukingo wa fenda, kila kona, nikaandika. Mbele ilikuwa 382 kushoto na 371 kulia. Yaani fundi wa kwanza alikaza pete hata bila kuhesabu, pande mbili hazilingani! Ndiyo maana gari ilikuwa inasimama kama mtu aliyeumia nyonga.

Tukaiinua, tukaweka stendi nne, tukatoa ya mbele kushoto. Kijana akataka kufungua nati ya kati ya juu kwa mashine ya upepo, nikamshika mkono. Springi ilikuwa imekamuliwa bado. Nikamwambia legeza pete kwanza mpaka springi icheze. Akanambia yeye huwa anafungua hivyo hivyo, akanionyesha kovu kwenye kidevu kama ushahidi kwamba anajua anachofanya. Mnaona kazi.

Pete ikalegea, tukaisafisha, tukaipeleka mpaka iguse springi, kisha milimita 5 zaidi kwa rula. Kile kikombe cha chini ndicho kilitutesa. Tope la Japani lilikuwa limekuwa saruji. Mafuta ya kupenyeza tangu Ijumaa usiku, brashi ya waya, spana ya ndoano na bomba la maji kama mkono wa kuongeza nguvu. Kilipoachia kililia kama mlango wa ghala, kijana akaruka. Saa nzima kwa kona moja. Tatu zilizobaki zilikubali kwa dakika kumi kila moja, sijui kwa nini.

Bolti zote tukafunga kwa mkono. Tukaishusha kwenye matofali ya kitako manne tuliyoyapanga chini ya tairi ili tuweze kuingia chini, tukaitikisa, ndipo nikalala mwenyewe kwenye zege nikakaza. Nilipolegeza bolti ya arm ambayo fundi wa kwanza alikuwa ameikaza hewani, nilisikia mpira ukirudi, "pwoo", na gari ikashuka kidogo pembeni ile. Mzee, hapo ndipo nilipokuelewa.

Kimo sasa mbele 346 pande zote, nyuma 349. Vidole vitatu, si viwili. Chalii nisamehe.

Vile vitufe vya ugumu ndiyo vichekesho. Nilivifunga mpaka mwisho wa ugumu taratibu kisha nikahesabu hatua za kurudi nyuma. Mbele moja ilikuwa mwisho kabisa, nyingine imerudi 4. Nyuma moja 0, nyingine 17. Kila kona dini yake. Nimeweka mbele 16 na nyuma 20 kuanzia ugumu wa mwisho.

Halafu nikafunga zipu ya plastiki kwenye kila shafti ya mbele, ikakaa chini karibu na sili, nikaenda kuzunguka. Goba, Makongo, nikarudi kwa Mbezi, matuta yote ninayoyajua kwa majina. Zipu inasukumwa juu na mwili wa shokapu, inabaki pale shafti ilipofika mwisho wa kubonyea. Kushoto imebakiza milimita 9 kabla ya mpira. Kulia 11. Haijagusa hata mara moja! Nilirudia kuangalia mara tatu.

Leo sikuipeleka alainimenti, wamefunga, naenda kesho. Ila kuna habari mbaya moja. Nyuma kushoto nilipoitoa nilifanya lile jaribio la Binti la kuibonyeza. Tatu zinarudi, hiyo hairudi. Imekufa. Kwa hiyo jibu la swali langu la mwanzo ni kwamba nimefungiwa vibaya, na robo nimeuziwa takataka. Nyuma bado inaruka kwenye mawimbi, kidogo.


Injinia_wa_Kitaa

Safi sana. Usinunue moja ya mtumba tofauti ukaiunganisha, utakuwa na gari inayokata kona vizuri upande mmoja. Ama ufungue zote mbili za nyuma zibadilishwe sili, mafuta na gesi kwa mtu mwenye mtungi wa naitrojeni, ama ununue jozi ya nyuma mpya ya kampuni ile ile. Na nyuma ningeshusha springi toka 8 mpaka 6. Unabeba watoto, si helmeti.


BintiMashine

Nasubiri karatasi ya alainimenti. Uibandike hapa.


Altezza_wa_Goba
Jumatatu, saa 12 jioni

Karatasi hii hapa kwa maneno maana picha imegoma kupanda. Kabla: kushoto mbele tairi limelala digrii 2.4, kulia 1.1, na zote mbili zinatazama nje, jumla milimita 6. Binti ulikuwa sahihi, zilikuwa zinagombana. Baada: 1.3 pande zote, na milimita 1 kwa ndani. Kamu ya kulia ilikataa, wakaipasha moto kidogo, ikakubali. Nimekaa ndani wakati wa kupima. Kweli waliniangalia vibaya.

Taa nazo nimezirekebisha, zilikuwa zinamulika viatu vya watu.


Mzee_Spana

Vizuri. Baada ya kilomita mia mbili tatu pima kimo tena, springi huwa zinakaa. Kaza tena pete za kufungia. Bolijointi uliyotoa itupe, usimpe mtu "akafungie kwa muda".


Nipo_Kimya

Altezza_wa_Goba mkuu hiyo zipu ulifunga kwa nguvu kiasi gani? Isije ikachuna shafti.


Altezza_wa_Goba

Iguse tu, isogee kwa kidole bila kuanguka. Kata mkia wake usiingie kwenye sili. Na ukimaliza majaribio itoe.


Chalii_wa_Njiro

Mzee Spana, hiyo spana ya ndoano inauzwa wapi na ni saizi gani kwa koilova za GX110?

Nauliza tu. Sijasema nimekubali.